Brokoli za Kasumbalesa na mtani wa mama

Katoni ya kwanza ilifika Jumamosi asubuhi, imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha teksi kama abiria mwenye heshima zake. Ilitoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako kaka yangu mkubwa ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kusimama kati ya malori tangu alfajiri na kugombana na watu wa nchi mbili. Dereva aliishusha kwa mikono miwili, akaiweka barazani, akaniangalia kwa huruma. Nikaifungua. Juu zilikuwa brokoli, chini yake shu-fleur, yaani koliflawa, na chini kabisa shu nyekundu, kabichi ngumu, nzito, ambayo mtu akikurushia utalazwa.

Hata sijainuka, simu ikalia.

"Weye, sikia muzuri," akasema kaka, na nyuma yake honi za malori zilikuwa zinapiga. "Brokoli asubuhi, shu midi, shu-fleur mangaribi. Bila mafuta. Bila chumvi. Na bukari, c'est fini. Bukari inalisha ile kitu."

Bukari ni ugali wetu, na "ile kitu" ilikuwa kansa ya mama. Nyumbani kwetu hakuna aliyeitaja kwa jina. Mama alikuwa amepasuliwa titi la kushoto, sasa yuko kwenye chimio, ile dawa kali ya kansa ya kuwekewa mshipani, na sisi wanawe tulizungumza juu ya ugonjwa wake kama watu wanaozungumza juu ya jirani mbaya aliye karibu na dirisha.

"Yaya, nani alisema bukari inalisha?" nikauliza. Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Banasema mu groupe."

Groupe yenyewe ilikuwa ya mawakala wa forodha wenzake, kwenye simu, watu ambao hakuna dereva wa lori anayewaamini hata wakimwambia jua limetoka. Mimi nafundisha sheria chuoni, kule Kasapa, na nimezoea kuuliza ushahidi uko wapi. Lakini kaka ni mkubwa, baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikwisha kufa, na neno la kaka mkubwa katika nyumba yetu ya watu wa reli huwa halikatiwi rufaa.

Inafaa niseme chanzo cha balaa lile. Siku ya mwisho tuliyokwenda hospitali, daktari alimpima mama uzito, akakunja uso, akasema polepole ili sote tusikie: "Mama, mboga ya majani ni muzuri, shu ni muzuri, brokoli ukipata ni muzuri. Lakini ukule. Ukule chakula yote. Ukipungua tena, nitasimamisha chimio mpaka upate nguvu." Kaka alikuwa anasikiliza kwa simu niliyoishika mkononi, yeye akiwa katikati ya foleni ya malori. Katika maneno yote ya daktari, yaliyofika Kasumbalesa ni shu na brokoli. Kwenye chujio la honi na vumbi, "ukule chakula yote" ilibaki njiani.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi, na lilinitisha kuliko nilivyoonyesha: mama akiendelea kukonda, dawa itasimama, dawa ikisimama, ile kitu itapata nafasi.

Mama alikuwa amekaa uani akiota jua, maana ulikuwa msimu wa baridi na Lubumbashi wakati huo asubuhi hutoa moshi mdomoni. Nilimpelekea brokoli ya kwanza, imechemshwa, haina hili wala lile. Aliichukua kwa kishina chake, akaigeuza huku na huku.

"Banakata muti kule Zambie, banaleta nikule?"

"Ni mboga, mama."

"Mboga iko wapi? Hii ni kapori." Kapori, yaani msitu mdogo. "Na bukari yake iko wapi?"

Mtu asiyekulia kwetu inabidi aelewe kwamba bukari ndiyo kula kwenyewe. Unaweza kumkuta mtu wa Lubumbashi amemaliza wali, ndizi na kuku mzima, ukimuuliza kama amekula atakwambia bado, alionja-onja tu. Na mboga ni kitu cha kusindikiza bukari. Kumpa mama mboga peke yake ilikuwa ni kumtumia msindikizaji bila bibi harusi.

Basi alikula vipande viwili, akasema ameshiba, akasukuma sahani. Mchana shu, vivyo hivyo. Kesho yake vivyo hivyo. Mimi nilijaribu hoja zote ninazozijua. Nilimsihi, nikamtisha, nikamwambia habari za vitamini. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akaniuliza kama wanafunzi wangu huwa wanalala nikifundisha. Mabega yake yalianza kuchomoza kwenye blauzi. Usoni alibaki macho tu, makubwa, yenye dhihaka ileile. Niliogopa, nasema wazi. Nilitaka kumsongea bukari kwa siri, kisha nikawaza: je, kama wale wa kwenye groupe wanasema kweli? Je, nikimpa na ile kitu ikarudi, nani ataubeba mzigo huo? Kaka naye, najua sasa, alikuwa anawaza hayohayo kila alipofunga katoni. Kila mmoja wetu alikuwa na hofu yake, na mama ndiye aliyekuwa analala njaa.

Ndipo akaingia mtani wa mama.

Mama ni wa ukoo wa uyoga. Mwanamke wa nyumba ya ng'ambo ya barabara ni wa ukoo wa mvua. Tangu enzi za mababu koo hizo mbili ni watani, kwa sababu mvua hujidai kwamba bila yeye uyoga usingeota, na uyoga hujibu kwamba bila yeye mvua ingenyesha bure. Mtani wako anaweza kukutukana hadharani, kuingia jikoni kwako, kufunua sufuria na kuondoka na nyama. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, unatoa kuku. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kwenye kilio chako amevaa nguo zako nyuma-mbele, anakuigiza ulivyokuwa unatembea, anawachekesha waliokuwa wanalia. Ni haki yake na ni kazi yake.

Huyu wa kwetu alikuwa mjane mnene, aliyeuza sokoni samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani, miaka mingi hadi magoti yakakataa. Alikuwa mtu pekee katika mtaa mzima aliyetaja ugonjwa kwa jina.

"Weye uyoga ya kuoza!" alipiga kelele langoni. "Kansere yako inalala muzuri?"

"Inalala," mama akajibu bila kugeuka. "Inaniuliza kama ule muchawi wa mvua eko angali muzima."

Mtani akaja, akasimama mbele ya sahani ya brokoli, akaitazama muda mrefu. Kisha akaitazama shingo ya mama, nayo muda mrefu. Sikuelewa wakati ule. Nilichoona ni mkono mnene ukishuka, ukinyanyua sahani.

"Leta. Uyoga hainaka meno ya kukula miti."

"Mama, ile ni dawa yake!" nikapiga ukelele.

"Mutoto ya uyoga, nani anakuuliza?" akasema, akaondoka na sahani ameiinua juu, akitikisa makalio barabara nzima.

Nikamgeukia mama, damu ikinichemka. Mama alikuwa ametulia kabisa.

"Ukikasirika, utatoa kuku," akanikumbusha.

Tangu siku hiyo haikupita siku asije. Mara aliichukua sahani mbele yangu, mara alisema, "Miye na huyu uyoga tutakula pamoja kule nyuma, weye enda kazini, unatusumbua." Mimi nilikwenda Kasapa nimenuna, nikarudi nimenuna. Nilihesabu brokoli zikiondoka kwenye katoni na kumlaani kimoyomoyo mtu anayemnyang'anya mgonjwa chakula kwa kisingizio cha mila. Kuku nilikuwa naye, mmoja, jogoo. Nilifikiri sana juu ya jogoo yule.

Halafu vitu vikaanza kubadilika. Blauzi ya mama ikapata mtu ndani yake. Mashavu yakarudi. Asubuhi moja nilimkuta anafagia uwanja, jambo alilokatazwa, na akanifukuza kwa ufagio nilipomwambia akae. Nilipomweleza kaka kwa simu, alipiga kelele hadi nikaondoa sikio.

"Brokoli! Si niliwaambia? Brokoli!"

Katoni zikaongezeka. Kaka alitangaza ushindi wake kwenye groupe, na nasikia kule mpakani madereva wa malori, wanaume wa kuishi kwa nyama choma na bia, walianza kuuliza brokoli zinapatikana wapi.

Mtani, kwa upande wake, alikuwa na matatizo. Alianza kupungua. Tena tumbo lake lilipata maoni yake. Jumapili moja kanisani, baada ya komunyo, watu wote wamepiga magoti, wamefumba macho, kimya kabisa, tumbo lile likazungumza kwa urefu, likapumzika, likamalizia. Mama, aliyekuwa pembeni yake, alificha uso ndani ya mikono kama mtu aliyezama katika sala. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Mimi hata hapo sikuunganisha, mimi msomi wa ushahidi.

Niliunganisha kwa pua. Siku hiyo nilimaliza vipindi mapema, nikarudi saa za mchana wakati hawanitegemei. Langoni tu nikapokelewa na harufu: samaki mkavu wa Pweto, anachemka polepole katika nyanya na kitunguu. Nilizunguka nyumba. Nyuma, karibu na mbabula, jiko la makaa, walikuwa wamekaa wawili kwenye viti vifupi, wanatazamana. Mama alikuwa na donge la bukari mkononi. Analifinyanga, analibonyeza kwa dole gumba, analitumbukiza kwenye mchuzi, analipeleka mdomoni amefumba macho. Mbele yake mtani alikuwa na sahani ya brokoli. Amejibana pua kwa vidole viwili, anatafuna, anatafuna, machozi yanamlengalenga.

Mama alinifungulia jicho moja.

"Karibu. Nawa mikono."

"Tangu lini?" nikauliza, kwa sauti ya mahakamani.

"Uliza mvua."

Mtani alimeza kwa shida. "Tangu ile siku ya kwanza. Miye nakula pori ya yaya yako, yeye anakula bukari yangu. Unataka kutufunga?"

"Lakini mama, si ungekataa tu? Ungesema hutaki."

Mama aliweka donge chini. Alinitazama kama anavyotazama mtu aliyetoka shule na hajui kuwasha moto.

"Mutoto wangu anatuma chakula kutoka mbali, na mikono yake, na woga wake, halafu niseme sitaki? Nitupe? Kila siku anapiga simu, anauliza: mama, brokoli inaisha? Namujibu: inaisha yote, mwana. Inaisha ao haiishe?"

Nilitazama sahani ya mtani. Kilikuwa kimebaki kishina kimoja. Inaisha.

"Nadanganya wapi?" mama akauliza.

Kwa sheria ninayoifundisha, hakudanganya popote.

"Na mimi kwa nini hamkuniambia?"

"Weye hauyue kuficha," mtani akasema. "Uso yako iko redio."

Nilinawa mikono. Sikumbuki bukari tamu kuliko ile. Nilipoinama kuchovya, mtani akanichomekea kimya kimya brokoli moja mdomoni, ili, alisema, na mimi niwe mshiriki wa kosa. Mangaribi kaka alipopiga simu kuuliza, nilimwambia kwamba sahani inarudi nyeupe kabisa. Mama alitikisa kichwa kuniafiki kutoka upande wa pili wa meza, kwa fahari niliyoiona siku ya digrii yangu tu.

Siku ya hospitali kaka aliacha malori yake akaja mwenyewe, amevaa koti, tayari kupokea pongezi. Mtani alikuja pia, bila kualikwa, akapanda teksi kwa haki ya utani na kumkalia kaka koti. Mama alipanda kwenye mizani. Hapo sikucheka. Nilimshika kaka mkono, naye akanibana vidole hadi vikauma. Daktari aliinama, akasoma, akasoma tena, akainuka anatabasamu.

"Iko muzuri. Tunaendelea na chimio leo. Mama, unafanya nini kule nyumbani?"

Kaka alikohoa, akapiga hatua mbele. "Docteur, ni brokoli. Asubuhi, midi na mangaribi. Bila bukari. Ni miye nilipanga."

Mama alianza kuchunguza dari. Mimi nikachunguza viatu vyangu. Mlangoni mtu akavuta pumzi ndefu.

"Aaah, hapana!" mtani akalipuka. "Siwezi kukula miti hii siku yote, halafu aksanti iende ku muti! Docteur, brokoli ni miye nakulaka! Yeye anakulaka bukari na samaki ya Pweto. Nipime na miye uone!" Na akapanda kwenye mizani na viatu vyake na mkoba wake. "Unaona? Miye njo naisha!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha alimkalisha kaka, akamweleza kwa upole yale yaliyopotea kwenye honi. Brokoli na shu ni mboga nzuri, aendelee kuzituma. Lakini hazichukui nafasi ya dawa, na mtu aliye kwenye chimio anahitaji bukari yake, samaki wake, maharage yake, na mafuta kidogo ili mboga ipite kooni. "Ni chakula," alisema. "Haiko dawa. Na chakula yenye haikuliwe haisaidie muntu."

Kaka yangu, anayetambua magendo ndani ya lori lililofungwa, hakuwa ametambua magendo ndani ya nyumba ya mama yake. Nilikuwa na mzaha huo tayari mdomoni. Lakini nilipomwona uso nikaumeza.

"Brokoli yako iliisha yote, mwana," mama akamwambia. "Hakuna hata moja tulitupa."

"Niliogopa, mama," akasema kaka. Ni hilo tu alilosema, mtu wa kelele kama yeye.

"Najua. Na miye niliogopa."

Walimchukua mama kwenda kuwekewa dawa. Kaka alitoka nje kutafuta maji ya kunywa, nami nikabaki kwenye benchi la koridoni na mtani, tunangoja. Alikuwa amevua kiatu kimoja, anasugua kisigino. Nilimuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. Bukari angeweza kumletea mama tu, na brokoli angezimwaga kwa siri kwenye shimo la takataka, mama asijue. Kwa nini alizila kweli, zote, na jinsi alivyozichukia?

Nilitegemea tusi. Aliangalia mlango ule aliopitia mama.

"Mama yako angejua. Anajua uso yangu. Nikidanganya, angeacha kukula." Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ndogo: "Na akikufa, ni miye banaita. Niende ku kilio yake, nivae marinda yake, nichekeshe bantu. Njo kazi ya mutani. Nilishafanya ile kazi kwa bantu mingi, na miye ni fundi, bantu banacheka mpaka banalala chini. Lakini yake," akatikisa kichwa, "yake sitaiweza. Nitasimama pale katikati ya bantu na sitakuwa na neno. Bora nikule majani."

Nilimshika mkono, nao ulikuwa mzito na baridi. Tulikaa hivyo hadi mlango ukafunguka.

Mama alitoka polepole, ameshikwa na muuguzi, bandeji mkononi, uso umepauka. Baada ya kila chimio alikuwa anatoka hivyo, anaomba ndoo na kitanda, na kwa siku kadhaa hakutaka hata kusikia sufuria ikifunuliwa. Mtani alinyakua mkono wake kutoka kwangu, akavaa kiatu, akavaa na ile sura yake ya kila siku.

"Weye uyoga ya kuoza!" akaanza. "Tunakungoja mpaka makalio inaota mizizi..."

Mama aliinua kiganja, akamnyamazisha.

"Minasikia njala," akasema. "Bukari iko wapi?"

Mtani alifungua mdomo kumjibu. Hakikutoka kitu.